Misalaba, Chaki na Nepi: Wanafunzi Watetezi wa Uhai katika Vyuo vya Marekani

Anayetaka kujua chimbuko la harakati za wanafunzi wanaopinga utoaji mimba nchini Marekani asianzie kanisani. Aanzie Minneapolis, mwaka 1971, kati ya vijana wa nywele ndefu na suruali za bugaluu, katika kizazi kilichokuwa kikiandamana kupinga Vita vya Vietnam. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota baadhi yao waliunda kikundi walichokiita SOUL, kifupi cha maneno ya kuhimiza kuokoa uhai usiotakiwa. Hoja yao ilikuwa rahisi kuieleza, na kwa rika lao ilikuwa ngumu kuipangua: kama unapinga mabomu kuwaangukia watoto wa vijiji vya Vietnam, utawezaje kumfumbia macho aliye tumboni?

Mwaka huohuo vikundi vya aina hiyo kutoka majimbo mbalimbali viliungana katika National Youth Pro-Life Coalition. Vijana hao hawakuishia kwenye suala la mimba. Walipinga vita, adhabu ya kifo, na pia kuwaua wagonjwa kwa hoja ya kuwapunguzia mateso. Leo ukimwonyesha mwanasiasa wa Washington orodha hiyo atakuuliza ni ya chama gani, kwa sababu hakuna chama kikubwa kilichobeba mambo yote hayo kwa pamoja.

Minnesota haikuwa mahali pa bahati nasibu. Tangu 1968 jimbo hilo lilikuwa na Minnesota Citizens Concerned for Life, mojawapo ya vyama vya mwanzo kabisa vya kutetea uhai. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Marjory Mecklenburg, Mmethodisti, ambaye mumewe Fred alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Hawakuwa na ugomvi na uzazi wa mpango. Walichosisitiza ni kwamba msichana mwenye mimba apewe msaada wa kweli, maana kumkataza tu na kumwacha peke yake ni kumtupa. Wazo hilo litapotea katika simulizi hii kwa miaka mingi, kisha litazuka tena mahali pengine.

Wakati huo sheria zilikuwa zikibadilika haraka. Colorado ililegeza yake mwaka 1967, California ikafuata mwaka huohuo kwa saini ya gavana aliyeitwa Ronald Reagan, na New York ikafungua mlango wazi zaidi mwaka 1970. Hata hivyo Novemba 1972 wapigakura wa Michigan na North Dakota waliyakataa mapendekezo ya kulegeza sheria katika majimbo yao, tena kwa kura nyingi. Watetezi wa uhai wakaamini upepo umegeuka.

Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Januari 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya Roe dhidi ya Wade kwa kura saba dhidi ya mbili, na sheria za karibu majimbo yote zikaanguka kwa siku moja. Aliyeiandika alikuwa Jaji Harry Blackmun, mtu aliyekulia St. Paul, mji pacha wa Minneapolis, na aliyewahi kuwa mwanasheria wa hospitali ya Mayo katika jimbo hilohilo la Minnesota. Kwa vijana wa SOUL, pigo lilitoka kwa mtu wa nyumbani.

Baada ya hapo ramani ya siasa ilijichora upya. Chama cha Democratic kiliikumbatia Roe polepole, Republican wakaipinga, na kijana aliyekuwa akichukia vita na utoaji mimba kwa pamoja akajikuta hana pa kukaa. Muungano wa vijana ulififia. Kilichobaki kikubwa ni maandamano ya kila Januari mjini Washington, March for Life, yaliyoanzishwa na mwanasheria Nellie Gray mwaka 1974. Wanafunzi waliyafuata kwa mabasi, wakisafiri usiku kucha. Sauti nyingine iliyowavuta vijana ilikuwa ya Dkt. Mildred Jefferson, daktari wa upasuaji, binti wa mchungaji wa Kimethodisti kutoka Texas, na mwanamke wa kwanza mweusi kuhitimu shule ya udaktari ya Harvard, mwaka 1951. Aliongoza National Right to Life Committee kuanzia 1975 hadi 1978. Yeyote aliyedhani kwamba suala hili ni la mapadri wazee wa Kizungu alipata kazi ya kumjibu.

Chuoni kwenyewe mlango ulifunguliwa na watu wengine kabisa. Mwaka 1969 wanafunzi wa mrengo wa kushoto katika chuo cha umma huko Connecticut walinyimwa usajili wa tawi la Students for a Democratic Society, kwa sababu mkuu wa chuo aliuona msimamo wa shirika hilo kuwa haupatani na chuo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1972, katika Healy dhidi ya James, majaji wakasema chuo cha umma hakiwezi kuwanyima wanafunzi usajili eti kwa sababu hakipendi fikra zao. Mwaka 2000, katika kesi iliyohusu Chuo Kikuu cha Wisconsin, mahakama hiyo iliongeza kwamba fedha za vikundi zinazotoka katika ada za wanafunzi lazima zigawiwe bila kuangalia nani ana maoni gani.

Bila hukumu hizo mbili vikundi vingi vya watetezi wa uhai visingekuwa na chumba cha mikutano, wala meza ya vipeperushi, wala senti ya bajeti. Ni deni wanalodaiwa na wanafunzi wa kushoto wa Connecticut, na silisikii likitajwa sana.

Hukumu hizo zinavifunga vyuo vya serikali tu. Chuo binafsi kina uhuru wake, na uhuru huo hukata kuwili. Georgetown, chuo cha Wajesuiti jijini Washington, kilikitambua mwaka 1991 kikundi cha wanafunzi waliotetea haki ya kutoa mimba, na mwaka uliofuata kikakinyang'anya utambuzi huo. Warithi wa kikundi hicho hujiita H*yas for Choice. Nyota hiyo imekaa hapo kwa sababu hawana ruhusa ya kutumia jina rasmi la wanachuo wa Georgetown. Kwa hiyo katika kiwanja kilekile kuna upande mmoja wenye ukumbi na fedha, na upande mwingine wenye meza ya kukunja.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 vikundi vilivyotawanyika vilikuwa vimeanza kukutana kila Januari chini ya American Collegians for Life, shirika lililoendeshwa na wanafunzi wenyewe, na ambalo baadaye lilikuja kuwa Students for Life of America. Mwaka 2006 shirika hilo lilimwajiri Kristan Hawkins, binti wa miaka 21, kuliongoza. Leo linajivunia vikundi zaidi ya 1,000 katika vyuo na shule za sekondari.

Katikati ya hapo kulitokea jambo lililowagawa hata watetezi wa uhai wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Center for Bio-Ethical Reform lilianza kuzungusha vyuoni maonyesho ya mabango marefu kuliko mtu, yenye picha za vijusi vilivyotolewa vikiwa vimewekwa kando ya picha za maiti za Wayahudi waliouawa na Wanazi na za Wamarekani weusi walionyongwa mitini. Mwanafunzi aliyekuwa akiwahi darasani saa mbili asubuhi alikutana na picha hizo bila onyo. Wanafunzi Wayahudi na weusi walilalamika kwamba maiti za babu zao zimefanywa vielelezo. Waandaaji walijibu kwamba ukatili usioonekana haupingwi. Wengi walisimama mbele ya mabango hayo wakabishana kwa saa nyingi, na hilo ni kweli. Lakini ukifuatilia kumbukumbu za vyuo husika, kilichobaki ni barua za malalamiko, mashtaka na kanuni mpya za kuweka mabango. Sioni ni wapi yalimpatia msichana mwenye mimba hata kitanda.

Kitanda kilitafutwa kwingine. Mwaka 1972, katika jimbo la Ohio, Pat Goltz na Catherine Callaghan, huyu wa pili akiwa mtaalamu wa isimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, walianzisha Feminists for Life, shirika la wanawake waliotaka kubaki wanaharakati wa haki za wanawake na papo hapo kupinga utoaji mimba. Kwa miaka mingi shirika hilo lilikuwa dogo, likitazamwa kwa jicho la shaka na pande zote. Mwaka 1994 kiongozi wake, Serrin Foster, alianzisha mpango wa kuingia vyuoni, na Januari 1997 akaitisha huko Georgetown kikao cha aina mpya.

Hakikuwa mdahalo. Mezani waliketishwa watu wanaoendesha chuo: wa mabweni, wa zahanati, wa bima, wa ushauri nasaha, pamoja na wanafunzi wa mitazamo tofauti. Hakuna aliyeulizwa kama kutoa mimba ni dhambi au ni haki. Swali lilikuwa lingine: tuseme mwanafunzi amepima asubuhi hii na amejikuta ni mjamzito, sasa aende wapi? Bima ya afya ya wanafunzi inalipia kujifungua? Akizaa ataruhusiwa kubaki bwenini na mtoto? Kuna mahali pa kumwacha mtoto wakati wa kipindi? Kuna pa kubadilishia nepi katika jengo lolote la chuo? Akiumwa wakati wa mtihani anaenda kumwona nani? Maswali ya namna hiyo yana ukatili wake wa kimya, kwa maana ofisa hujikuta hana jibu mbele ya watu, na hakuna wa kumlaumu kwa itikadi.

Kwa mujibu wa Feminists for Life, katika muda wa miaka miwili Georgetown ilikuwa na huduma maalumu kwa wanafunzi wajawazito na wazazi, pamoja na kituo cha kulelea watoto kinachoitwa Hoya Kids. Vikao vya mtindo huo vilienea katika vyuo vingine. Hata wanafunzi waliotetea haki ya kutoa mimba wangeweza kuketi humo, maana mwanamke asiyeweza kuzaa bila kuacha masomo hana chaguo kubwa la kuzungumzia. Roho ya akina Mecklenburg ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na daftari la bajeti mkononi.

Magazeti, hata hivyo, hayaandiki habari za nepi. Yaliandika habari za misalaba. Aprili 2006 wanafunzi wa Northern Kentucky University walipata kibali cha kusimika misalaba midogo ipatayo 400 kwenye nyasi za chuo, kuwakilisha mimba zilizotolewa. Profesa mmoja wa fasihi aliwaalika wanafunzi wake waende kuing'oa kama nao wanatumia uhuru wao wa kusema, na ikang'olewa ikatupwa kwenye mapipa ya taka. Alisimamishwa kazi akafunguliwa mashtaka, naye alikuwa karibu kustaafu. Kikundi kilichosimika misalaba kilijulikana nchi nzima kwa wiki moja kuliko ambavyo kingejulikana kwa miaka kumi kama profesa angepita zake kwenda kunywa kahawa.

Halafu ikaja Notre Dame.

Machi 2009 chuo hicho cha Kikatoliki kilicho karibu na South Bend, Indiana, kilitangaza kwamba mgeni rasmi wa mahafali atakuwa Rais Barack Obama, na kwamba atatunukiwa shahada ya heshima ya sheria.  Lakini maaskofu wa Marekani walikuwa wameagiza tangu 2004 kwamba taasisi za Kikatoliki zisiwatunuku watu wanaopinga mafundisho ya msingi ya Kanisa, na Obama alikuwa mtetezi wa wazi wa Roe. Askofu wa jimbo la Kikatoliki la hapo, John D'Arcy, alisema hatahudhuria. Profesa Mary Ann Glendon wa Harvard, balozi wa zamani wa Marekani Vatican, aliyekuwa apokee Nishani ya Laetare siku hiyohiyo, aliikataa.

Vikundi vya wanafunzi viliungana kwa jina la ND Response, na hapo ndipo tofauti ya wenyeji na wageni ilipoonekana waziwazi. Wageni walivamia kutoka kila pembe. Ndege ilizunguka juu ya chuo ikiburuta bango lenye picha ya kijusi. Watu wazima, akiwemo mgombea urais wa zamani Alan Keyes, walisukuma vigari vya watoto vilivyojaa wanasesere waliopakwa damu bandia, wakakamatwa kwa kuingia eneo la chuo bila idhini. Wanafunzi wa ND Response walijitenga hadharani na vituko hivyo. Wao walisali, walipata kibali cha mkutano kwenye nyasi za chuo, na wahitimu waliosusia sherehe walikusanyika kwenye pango la Bikira Maria wakiwa na majoho yao.

Mei 17, siku yenyewe, ndani ya ukumbi baadhi ya wahitimu walivaa kofia zilizobandikwa msalaba wa manjano na alama za nyayo za mtoto mchanga. Watu wachache walipaza sauti kutoka viti vya watazamaji, na wahitimu wengi wakawazima kwa kuimba jina la chuo. Obama alizungumzia suala hilo waziwazi: akakiri kwamba kuna mahali pande mbili hazitapatana, akapendekeza zishirikiane kupunguza mimba zisizotarajiwa, kurahisisha kuasili watoto na kuwasaidia wanawake wanaoamua kuzaa. Langoni polisi waliendelea kukamata. Miongoni mwa waliotiwa pingu alikuwa Norma McCorvey, yaani yule Roe wa kwenye hukumu, aliyekuwa amehamia upande wa watetezi wa uhai tangu miaka ya 1990. (Filamu iliyotoka mwaka 2020, akiwa amekwisha kufariki, ilimwonyesha akisema alilipwa kwa msimamo huo. Hata nembo ya kesi haikuwa rahisi kuisoma.) Mashtaka dhidi ya watu 88 waliokamatwa katika sakata hilo yalifutwa mwaka 2011.

Ni rahisi kusema kwamba wanafunzi walishindwa, maana rais alikuja, akavishwa, akaondoka. Lakini Januari 2010 mkuu wa Notre Dame, Padri John Jenkins, aliandamana mwenyewe Washington pamoja na wanafunzi wake. Na katika sheria ya bima ya afya ambayo Obama aliisaini Machi 2010 kulikuwa na kipengele kilichopiganiwa na Seneta Bob Casey wa Pennsylvania, Mdemocrat aliyejiita wakati huo mtetezi wa uhai: mfuko wa dola milioni 25 kila mwaka kwa miaka kumi wa kusaidia vijana wajawazito na wazazi, vyuo vikiwemo. Maswali ya kikao cha Georgetown yalikuwa yamepata fungu katika bajeti ya taifa.

Mwaka 2012 jirani na Belmont Abbey College, North Carolina, lilizinduliwa jengo la kuwapokea wanafunzi wajawazito, waishi humo na watoto wao huku wakiendelea na masomo. Ardhi ilitolewa na watawa Wabenedikto wa abasia hiyo.

Kelele nazo hazikukoma, na zilivuka mipaka. Novemba 2014 kikundi cha wanafunzi watetezi wa uhai cha Oxford, Uingereza, kiliandaa mdahalo wa wanaume wawili, Brendan O'Neill na Tim Stanley, mmoja kila upande. Wanafunzi wenzao waliuliza wanaume wawili wanajadili nini kuhusu tumbo la mwanamke, wakaahidi kuja na vyombo vya kupigia kelele, na chuo cha Christ Church kikafuta ukumbi. Hoja ya wapingaji ilikuwa na uzito. Namna ya kuishindilia ilimaanisha kwamba hakuna aliyesikia hoja yoyote, ya kwao ikiwemo.

Kanada ilienda mbali zaidi. Machi 2015 maonyesho ya picha ya kikundi cha Chuo Kikuu cha Alberta yalizungukwa na wapingaji walioyaficha kwa mashuka na mabango. Kikundi kilipotaka kurudia mwaka uliofuata, chuo kilikitaka kilipe dola 17,500 za ulinzi, kiasi ambacho hakuna kikundi cha wanafunzi kinakuwa nacho mfukoni. Kwa maneno mengine, anayetishiwa ndiye alipie askari. Januari 2020 Mahakama ya Rufani ya Alberta iliutengua uamuzi huo, ikasema kwamba chuo kinapodhibiti kauli za wanafunzi kwenye viwanja vyake kinabanwa na Mkataba wa Haki wa Kanada.

Na kuna chaki. Mei 2017, Fresno, California, wanafunzi wa Students for Life waliandika kwa chaki za rangi kwenye njia ya waenda kwa miguu, kwa kibali cha chuo, ujumbe wa kutetea uhai na wa kuwaunga mkono wanafunzi wajawazito. Profesa wa afya ya jamii akatokea pamoja na baadhi ya wanafunzi wake, wakaanza kufuta kwa soli za viatu. Kiongozi wa kikundi alikuwa anarekodi kwa simu: profesa anasugua kiatu huku na huku juu ya maneno, akieleza kwamba uhuru wa kusema una eneo lake na hapa sipo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekubali kulipa dola 17,000 kumaliza shauri. Mvua ya kwanza ingefuta chaki ile bure.

Juni 24, 2022, Mahakama ya Juu iliitengua Roe katika kesi ya Dobbs, iliyotokana na sheria ya Mississippi. Kizazi kilichozaliwa miaka thelathini baada ya hukumu ya 1973 kiliamka na kukuta lengo la maandamano yote limetimia, na uadui umeongezeka. Machi 2023 mkutano wa Kristan Hawkins katika Virginia Commonwealth University ulivurugwa kwa kelele na vurugu hadi watu wawili wakakamatwa. Majimbo yakagawanyika. Texas ilipiga marufuku karibu kila utoaji mimba, wakati California, kwa sheria iliyosainiwa 2019, ilizitaka zahanati za vyuo vyake vikuu vya umma kuwa na vidonge vya kutoa mimba kuanzia Januari 1, 2023.

Mfuko wa dola milioni 25 ulikuwa umekwisha muda wake mwaka 2019. Vikundi vya wanafunzi vilivyobaki na kazi ya mabwenini, pamoja na mpango wa Standing With You wa Students for Life, vimerudi kwenye kifungu cha zamani: kanuni za mwaka 1975 chini ya sheria ya Title IX, zinazokataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kumfukuza au kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ujauzito. Kifungu kinasema mwanafunzi apewe ruhusa kwa muda wote ambao daktari ataona unahitajika, na akirudi arudishiwe nafasi ileile aliyoiacha.